SOMO: SURA ILIYO JUU YA FEDHA
Wafalme wa Wayunani, Mwami wa Burundi na bahasha ya mama mmoja

Katika toleo hili tunaacha kidogo somo letu la Waefeso, kwa sababu tumeulizwa swali ambalo tuliona si vema kulijibu kwa neno moja tu.

Mama mmoja wa ushirika wetu, mjane, alikuja kwetu baada ya ibada akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa noti za zaire zilizofungwa kwa uzi, zenye sura ya Rais Mobutu na chui pembeni yake. Marehemu baba yake alizificha ndani ya sanduku miaka mingi, na alipokuwa karibu kufa akamwambia: zitunze, siku moja zitakusaidia. Mama alizibeba alipokimbia vita, akaacha sufuria na godoro, lakini bahasha hakuiacha. Akatuuliza: “Mchungaji, ninyi mnashuka Bujumbura mara kwa mara kwa semina. Hakuna benki kule inayoweza kuzibadilisha, hata kwa hasara?”

Jibu ni hapana, mama yetu. Tulimwambia, naye alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali la pili, na ndilo lililozaa somo hili: “Sasa nani aliziua? Karatasi ni ile ile, na sura ni ile ile.”

Tufungue Mathayo 22:15-22. Habari hii mnaijua. Mafarisayo na Maherode wanamjia Yesu na mtego wa kodi. Akisema walipe, watu watamwona msaliti. Akisema wasilipe, liwali atamkamata. Yesu anaomba aonyeshwe fedha ya kodi, nao wanamletea dinari. Tuangalie jambo ambalo mara nyingi tunalipita mbio: yeye hakuwa na dinari mkononi, wao walikuwa nayo. Ndipo anawauliza ni sura ya nani iliyo juu yake, na maandishi yale yanamtaja nani.

Wataalamu wengi wanadhani ilikuwa dinari ya Tiberio, aliyetawala Roma toka mwaka 14 hadi 37. Upande mmoja ilikuwa na kichwa chake, na maandishi ya Kilatini yaliyomwita mwana wa Augusto aliye mungu. Upande wa pili palikuwa na mwanamke aliyeketi, na cheo cha kuhani mkuu. Kwa hiyo kila Myahudi aliyelipa kodi alishika kiganjani kipande cha fedha kilichohubiri: huyu ni mwana wa mungu, huyu ni kuhani mkuu. Si ajabu swali la Yesu liliwanyamazisha.

Lakini Kaisari hakubuni jambo hili. Alilirithi kwa Wayunani, nao ndio tunaotaka kukaa nao leo.

Sarafu za kwanza za upande ule wa dunia zilipigwa Lidia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, kama miaka 600 kabla ya Kristo. Miji ya Wayunani ikafuata. Athene waliweka bundi, ndege wa mungu wao wa kike Athena. Wakati ule mtu aliye hai hakuthubutu kuweka uso wake juu ya fedha ya mji. Nafasi ile ilikuwa ya miungu. Hata Aleksanda wa Makedonia, aliyetawala toka 336 hadi 323 K.K. na kuiteka Uajemi yote, aliweka kichwa cha Herakle aliyevaa ngozi ya simba, na upande wa pili mungu Zeu ameketi kitini. Jina tu ndilo lilikuwa lake: ya Aleksanda. Aliikuta hazina kubwa mno ya wafalme wa Uajemi huko Susa na Persepoli, akaigeuza kuwa sarafu za kulipa askari. Ndivyo fedha yake ilivyoenea toka Makedonia hadi mbali sana mashariki. Mkulima ambaye hakuwahi kuona jeshi la Aleksanda alilijua jina lake kwa kuuza mbuzi.

Alipokufa akiwa kijana wa miaka 32, majemadari wake waligawana nchi na kupigana miaka mingi. Kila mmoja alikuwa na shida moja: hakuzaliwa mfalme. Atawaonyeshaje watu kwamba anastahili? Lisimako akatoa fedha yenye uso wa Aleksanda mwenye pembe za kondoo dume, alama ya mungu Amoni wa Misri, kana kwamba marehemu ndiye aliyemtuma. Ptolemayo, aliyechukua Misri, alianza na Aleksanda vile vile; halafu, alipojitwalia jina la mfalme karibu na mwaka 305 K.K., akaweka uso wake mwenyewe, na kilemba chembamba cha kitambaa kichwani ambacho kwao ndicho kilikuwa taji. Tangu hapo ikawa desturi. Mwenye sura juu ya fedha ndiye mwenye nchi.

Ptolemayo alifanya na jambo la pili, na hapa wakimbizi tutamwelewa kuliko wasomi wa vyuo vikubwa. Fedha ya Aleksanda ilikuwa na uzito wa gramu 17 na kidogo. Ptolemayo aliipunguza yake hadi gramu 14 hivi, kisha akaamuru kwamba ndani ya Misri fedha yake peke yake itumike. Mfanyabiashara aliyeshuka bandarini Aleksandria na fedha nzito ya kigeni alipaswa kuitoa na kupewa ya mfalme iliyo nyepesi. Faida ilibaki ikulu. Kuna barua ya mwaka 258 K.K., iliyoandikwa juu ya mafunjo na kuokolewa na mchanga wa Misri, ambamo mtu aitwaye Demetrio, msimamizi wa kiwanda cha fedha, anamlalamikia waziri wa mfalme. Anasema wageni wamekuja na dhahabu yao ili ipigwe upya, nao wamekwama, hawajui pa kuipeleka, na mali yao imekaa bure bila kazi.

Nani kati yetu hajawahi kusimama Gatumba, mpakani, akiwa na faranga za Kongo mkononi na watoto wakilia njaa, huku kambisti akitaja bei anayotaka yeye? Miaka zaidi ya 2,200 imepita na foleni ni ile ile.

Turudi kwa Wayahudi, maana fedha hizi za Kiyunani ziliwaingilia hadi hekaluni. Mwaka 175 K.K. Antioko wa 4 alianza kutawala Shamu. Juu ya fedha yake aliandika kwa Kiyunani kwamba yeye ni mungu aliyedhihirishwa, mleta ushindi. Huyu ndiye aliyelitia unajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 K.K., na walimu wengi wanamwona katika Danieli 11. Watu walishangaa alipoingiza ibada ya sanamu patakatifu, lakini mwenye kusoma fedha yake alikuwa ameonywa mapema.

Wamakabayo walipojikomboa na baadaye wakapiga sarafu zao, hawakuweka uso wa mtu. Waliweka jina la kuhani mkuu kwa herufi za Kiebrania, na pembe za mazao, nanga na nyota. Vile visarafu vidogo vya shaba vya Aleksanda Yanayo vilibaki mikononi mwa maskini miaka mingi, na huenda senti mbili za mjane wa Marko 12:42 zilikuwa za namna hiyo.

Jambo moja hutusumbua kila tunapolifundisha. Kodi ya hekalu, nusu shekeli kwa kila mwanaume, ililipwa kwa fedha ya mji wa Tiro, kwa kuwa madini yake yalikuwa safi. Na fedha ya Tiro ilikuwa na kichwa cha Melkarti, ambaye ni Baali wa watu wa Tiro, na tai upande wa pili. Wazee wale waliokataa sanamu za Rumi katika mji mtakatifu walipokea Baali sandukuni bila kukunja uso, maana alikuwa mzito kwenye mizani. Tusiwacheke haraka. Nasi katika sadaka zetu hatujawahi kuuliza noti imetoka wapi.

Hata Luka 15:8 ni habari ya fedha hii. Biblia yetu ya Union inasema shilingi, maana wafasiri walitumia fedha iliyojulikana Afrika Mashariki wakati ule, lakini Luka mwenyewe aliandika drakma, jina la fedha ya Kiyunani. Yule mama mwenye taa na ufagio alikuwa anatafuta chini ya kitanda fedha yenye jina lile lile alilotumia Aleksanda.

Kabla ya kuvuka kuja kwetu tupite Aksumu, katika nchi ya Ethiopia na Eritrea za leo, maana watu husema Afrika ilipokea fedha kutoka kwa wakoloni. Si kweli. Wafalme wa Aksumu walipiga dhahabu yao wenyewe tangu karne ya 3, wakaiandika kwa Kiyunani ili wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu waisome. Juu ya kichwa cha mfalme iliwekwa alama ya mwezi mwandamo na duara, ya dini yao ya zamani. Kisha katika karne ya 4 mfalme Ezana aliamini kwa kazi ya Frumentio, mtu wa Tiro aliyeletwa Aksumu akiwa kijana na kuwekwa askofu na Athanasio wa Aleksandria. Ezana akauondoa mwezi na kuweka msalaba. Ni miongoni mwa fedha za kwanza duniani kubeba alama hiyo waziwazi. Baadaye kidogo zilitoka sarafu za shaba za Aksumu zenye msalaba na maneno ya Kiyunani yenye maana kwamba jambo hili na liwapendeze watu wa nchi. Katika fedha zote tulizosoma juu yake tangu chuo cha Biblia, hatujaona nyingine ambayo mfalme anazungumza kwa upole namna hii. Pengine alitaka tu waipokee sokoni. Hata hivyo, aliomba.

Sasa Burundi. Wenyeji wetu wanajua kwamba Mwami hakuhitaji sarafu ili aonekane mfalme. Alikuwa na ngoma. Katika Kirundi neno ingoma ni ngoma ya kupigwa na ni utawala pia, na Karyenda ndiyo ilikuwa ngoma kuu ya ufalme. Wadachi waliofungua kituo chao Usumbura mwaka 1897 walileta rupia yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa 2, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Ng’ambo ya Rusizi, kwetu, Mfalme Leopold wa 2 wa Ubelgiji alikuwa amekwisha toa fedha zake za Kongo mwaka 1887: za fedha nyeupe zilikuwa na kichwa chake, na za shaba zilikuwa na tundu katikati. Hakukanyaga Kongo hata siku moja. Uso wake ulikanyaga. Wabelgiji walipoichukua Urundi mwaka 1916, faranga ikafuata, na jina hilo halijaondoka hadi leo.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ukaitwa Bujumbura. Mwaka ule ule zilipigwa sarafu za dhahabu zenye sura ya Mwami Mwambutsa wa 4, aliyekuwa ametawala tangu 1915 akiwa mtoto mdogo. Sarafu hizo hazikuwa za kununulia mihogo. Zilikuwa za kuuambia ulimwengu kwamba nchi ina mfalme wake. Mwaka 1964 Benki ya Ufalme wa Burundi ikaanza kutoa noti, na 1965 ikatoka sarafu ya faranga 1.

Mwaka 1966 mambo yalikwenda mbio. Mwezi wa saba Mwambutsa, ambaye alikuwa Ulaya, aliondolewa na mwanawe Charles Ndizeye, aliyeitwa Ntare wa 5. Tarehe 28 Novemba Kapteni Michel Micombero akamwondoa Ntare na kutangaza Jamhuri. Sasa noti zote zilikuwa na neno Ufalme. Kuchapisha nyingine kunataka miezi. Wakafanya nini? Walichukua noti za ufalme, kuanzia za faranga 20 kwenda juu, wakazipiga muhuri: mahali pa Ufalme pakaandikwa Jamhuri.

Tumeiona moja kwa macho yetu. Mzee mmoja wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, anatunza fedha za zamani ndani ya daftari la shule. Tulipomsimulia habari ya bahasha alitufungulia ukurasa na kutuwekea noti hiyo mkononi. Karatasi ni ya Mwami. Wino wa juu ni wa mwanajeshi. Mtu aliyelala nayo mfukoni akiwa raia wa ufalme aliamka raia wa jamhuri, na bei ya chumvi haikubadilika asubuhi ile. Mzee akasema, “Mfalme walimfuta kwa muhuri, kama posta.” Bendera nayo ilifanyiwa vile vile: ngoma iliyokuwa katikati yake iliondolewa, ukawekwa mmea wa mtama, na mwaka 1967 zikaja nyota tatu tunazoziona sasa. Mwambutsa alikufa Uswisi mwaka 1977, naye alikuwa mkimbizi kama sisi, ingawa nyumba yake haikuwa ya maturubai.

Mwaka 2004 Burundi ilitoa noti ya faranga 10,000 yenye nyuso mbili: Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Hapo fedha inasema neno tofauti na la Ptolemayo. Walio hai waliwaweka waliokufa, ili nchi iliyopigana iwatazame wote wawili kwa pamoja.

Sasa tumjibu mama yetu. Mwaka 1967 Mobutu aliondoa faranga Kongo na kuleta zaire. Zaire 1 ilikuwa faranga 1,000, nayo ilinunua dola 2 za Marekani. Uso wake ukawa juu ya noti, na sisi bado tunaita fedha makuta kwa sababu ya senti za wakati ule. Katika siku za Noeli 1979 alitangaza ghafla kwamba noti za zaire 5 na 10 hazifai tena, mipaka ikafungwa, na walioweka akiba nyumbani wakapoteza. Hapo tayari watu walijifunza kwamba mwenye sura anaweza kuichukua.

Mwishoni mwa 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alisema si fedha halali. Mobutu alisema ni halali, akawalipa askari nayo mwezi wa kwanza 1993. Wauza maduka wakaikataa. Askari wakaingia mitaani Kinshasa kupora na kuua, na katika siku hizo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akafa. Sisi tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka wazee wakisikiliza redio kwa sauti ya chini. Swali la Yesu hekaluni liliulizwa tena na watu wenye bunduki: sura hii ni ya nani, na je, bado ni bwana?

Mwezi wa kumi 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa kabisa, wakaendelea kutumia zile za zamani kwa miaka. Nchi moja, rais mmoja, fedha mbili. Halafu 1996, Mobutu akiwa mgonjwa huko Uswisi, zikatoka noti za mamia ya maelfu, na watu wa mashariki wakazipa jina la ugonjwa wake, hatulirudii hapa. Wengi walizikataa hata kabla hajaanguka Mei 1997. Tarehe 30 Juni 1998 ikaingia faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Vijana wa darasa la Jumatano walipiga hesabu ubaoni. Ili kupata faranga 1 ya Kongo ya mwaka 1998, mtu angehitaji noti 60,000 za zaire milioni 5. Nasi tunajua faranga 1 leo hainunui hata kiberiti.

Kwa hiyo, mama, noti za baba yako hazikuuawa siku moja. Mwenye sura aliziua kidogo kidogo kwa kuzichapa nyingi mno, kisha watu wa sokoni wakamaliza kazi kwa kukataa kuzipokea. Baba yako hakukosa akili. Aliamini neno la serikali yake, kama kila mwenye akiba anavyoamini. Hapa Burundi pia, mwaka 2023, benki kuu iliondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000 na kutoa siku chache tu za kuzibadilisha; familia zilizoweka akiba chini ya godoro ndizo zilizokimbia foleni. Basi tunawasihi wenye akiba nyumbani: sikilizeni redio kila siku, wala msimfiche mwenzi wako mahali fedha zilipo, maana tangazo la namna hii halimngoji msafiri.

Mahubiri ya kwamba sarafu ina sura ya Kaisari na mtu ana sura ya Mungu, kwa Mwanzo 1:27, mmeyasikia mara nyingi na ni ya kweli. Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii tungependa muulizane jambo gumu kidogo: je, Ezana alifanya vema kuuweka msalaba juu ya fedha, mahali palipokuwa pa miungu na wafalme? Na kama angewauliza ninyi, mngemshauri nini? Hatukubaliani hata sisi wachungaji.

Yule mzee wa Buyenzi alitaka kununua noti mbili za ile bahasha kwa ajili ya daftari lake. Tulipeleka habari kwa mama. Alifikiri siku tatu, akatoa moja bila malipo, na nyingine zote akazifunga tena kwa uzi ule ule. Wenye fedha za zamani majumbani, za Burundi, Kongo au Rwanda, waje nazo Jumatano saa tisa alasiri katika darasa la vijana. Tutaziangalia na kuzirudisha kwa wenyewe zikiwa kamili. Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye Waefeso sura ya 4.